Mume wangu amenikataza kuwaambia mawifi zangu kilichoonekana kwenye vinasaba vya mwanetu

Asalaam aleikum Bi Mshauri,

Nakuandikia kutoka Ohio, Marekani, ninakoishi na mume wangu na watoto wetu wawili. Sote ni watu wa Tanga, mimi wa Pangani na yeye wa mjini. Jina langu nalificha, maana kwetu tunajuana wote.

Mwanetu wa pili ana miaka 6. Tangu akiwa mdogo anasumbuliwa na kifafa, na kuongea kwake ni kwa shida, maneno yake ya kuhesabu. Tumezunguka naye kwa madaktari hadi tumechoka: picha za kichwa, kipimo cha mawimbi ya ubongo, kutolewa damu mpaka akiona tu koti jeupe anaanza kulia. Mwaka jana daktari wake akasema sasa tusome vinasaba vyake vyote, pengine chanzo kitaonekana humo. Wakachukua damu ya mtoto, yangu na ya baba yake, ili wailinganishe.

Kabla ya hapo tulikalishwa na mshauri wa jenetiki, dada mmoja mpole sana. Akatueleza kwamba maabara ikiwa inatafuta chanzo cha kifafa, inaweza pia kuangalia jeni nyingine zisizohusiana na ugonjwa wa mtoto, kama za saratani na za moyo, na ikikuta jambo la hatari ambalo lina kinga au tiba, itatuambia. Kila mtu alikuwa na kisanduku chake cha kuweka alama, ndiyo au hapana. Kwa mtoto tulikubaliana ndiyo. Kwangu nikaweka ndiyo. Mume wangu kwake akaweka hapana. Alisema, "Mimi nimekuja kwa ajili ya mtoto, yangu niachieni." Hakuna aliyembishia.

Majibu yalipotoka, ukurasa wa kwanza ulisema hakuna kilichopatikana cha kueleza kifafa. Nililia palepale. Kisha yule dada akafungua ukurasa wa tatu. Mtoto amekutwa na hitilafu kwenye jeni inayoitwa BRCA2, ile ya saratani ya matiti na ovari. Chini yake kulikuwa na mstari mfupi: mama hana. Kuhusu baba hapakuandikwa kitu, kwa sababu alisema hapana. Lakini Bi Mshauri, hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaiweza. Nilimwona mume wangu akiutazama ule mstari, halafu akazikunja zile karatasi na kuzitia mfukoni mwa koti. Njia nzima hakusema neno.

Mume wangu ana miaka 43 na ana dada wawili. Mkubwa yuko Tanga na ana mabinti watatu. Mdogo ana miaka 36, ameolewa Muscat, na huyo ni wifi yangu wa kufa na kuzikana. Kila Ijumaa tunatumiana sauti kwenye WhatsApp, na yeye ndiye aliyenishika mkono mtoto alipoanza kuumwa. Mama yao, Mungu amrehemu, alifariki akiwa na miaka hamsini na kidogo, tumbo limejaa maji. Hospitali walimtoa maji mara kadhaa, yakarudi. Mwisho ndugu wakamchukua, wakasema haya si ya hospitali. Mama mdogo mmoja akanyooshewa kidole kuwa ndiye aliyemfanyia. Mpaka leo hakanyagi nyumba ile, na mume wangu alikuwa miongoni mwa waliomfungia mlango.

Sasa mume wangu amenikataza kabisa kuzungumza. Anasema nyumba ile imeshatulia. Anasema wakijua, mabinti wa dada yake hawataolewa, na yeye ataonekana ametoka Marekani na balaa. Anaogopa pia habari za bima ya maisha. Nilipomwambia dada zake wana haki ya kujua, alinijibu, "Siri ya mwili wangu si yako kuitangaza." Nikakosa la kusema.

Wifi yangu wa Muscat aliniuliza, "Majibu ya mwanangu yametoka?" Nikamwambia hawajapata kitu. Ni kweli, na si kweli. Yule dada wa hospitali alitupa barua iliyoandikwa tayari kwa ajili ya ndugu, inayoeleza kilichopatikana na nini cha kufanya. Iko kwenye droo ya jikoni, chini ya vitambaa vya meza. Kila nikivuta droo naiona.

Nikinyamaza na wifi yangu akaja kuugua, nitamtazama kwa jicho gani? Nikisema, ndoa yangu inaweza kuvunjika, na mtoto huyu anawahitaji wazazi wote wawili. Nisaidie.

Mama wa wawili, Ohio

---

Wa alaikum salaam, mdogo wangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Nikiielewa sawasawa, mambo matatu yanavutana ndani ya nyumba yako. Mumeo alisema hataki kujua, na akajua. Mawifi zako hakuna aliyewauliza kama wanataka kujua, na huenda wanahitaji sana. Na wewe umebebeshwa habari ya mwili wa mtu mwingine ambayo hukuitafuta, na kila Ijumaa unazungumza na mtu unayempenda huku ukichuja maneno.

Lakini kuna mtu wa nne, na barua yako imempita haraka. Ulikwenda pale kwa ajili ya mwanao. Kilichokuliza ni ukurasa wa kwanza, na tangu siku hiyo nyumba yenu inahangaika na ukurasa wa tatu. Naona una huzuni ambayo haikupata nafasi yake. Kwa hiyo nianze nayo. Zaidi ya nusu ya watoto wanaosomwa vinasaba kwa magonjwa kama haya hutoka bila jibu mara ya kwanza. Haina maana kwamba chanzo hakipo, wala kwamba mlango umefungwa. Data zilezile za vinasaba vya mtoto zinaweza kusomwa upya baada ya mwaka mmoja au miwili bila kumchoma sindano tena, kwa kuwa jeni zinazosababisha kifafa zinaendelea kutambuliwa, na watoto wengine hupata jibu katika usomaji wa pili. Ila maabara nyingi hazirudii zenyewe, daktari ndiye huomba. Usiondoke kliniki safari ijayo bila kupewa mwezi na mwaka wa kuomba usomaji huo. Na ruhusu nafsi yako imlilie mwanao bila kujiona kuwa kuna jambo kubwa zaidi unalolisahau.

Sasa tuje kwenye huo ukurasa wa tatu. Pengine mumeo anajiuliza ilikuwaje wakatafute saratani kwa mtoto mwenye kifafa. Mwaka 2013 chama cha wataalamu wa jenetiki ya tiba cha Marekani, ACMG, kilitoa orodha ya jeni 56 na kusema maabara ikisoma vinasaba vya mgonjwa kwa sababu yoyote ile, izikague na hizo. Hoja yao ilikuwa kwamba si haki kufumbia macho jambo linaloweza kumuua mtu ilhali lina kinga. Mwanzoni walitaka majibu yatolewe bila hata kumuuliza mgonjwa, hata akiwa mtoto, kwa hoja kwamba mtoto hafaidiki leo lakini mzazi wake anaweza kuokoka. Watu walipiga kelele, na mwaka 2014 chama kikakubali kwamba mtu apewe nafasi ya kukataa. Orodha imeendelea kukua, na kufikia 2023 ilikuwa na jeni 81. Wenzao wa Ulaya mwaka huohuo wa 2013 walishauri kinyume: tafuta ulichotumwa, mengine jitahidi usiyaguse. Nakueleza haya ili uone kwamba aliposema "yangu niachieni," mumeo hakuwa mkaidi wala mtu asiyejua dunia inakokwenda. Mabingwa wenyewe wamegawanyika palepale aliposimama.

Na lazima tukiri kwamba ana dai la haki. Hapana yake iliheshimiwa kwenye karatasi tu. Vinasaba vya mtoto ni nusu ya baba na nusu ya mama, kwa hiyo mkikubali kwa mtoto na wewe ukakubali kwako, yeye hana tena pa kujificha. Mshauri wa jenetiki alipaswa kuliweka hilo wazi kabla ya damu kutolewa, na kwenye barua yako sioni kama lilisemwa. Mtu aliyepokonywa uamuzi wake mara moja hushikilia kwa nguvu zote ule uliobaki. Unapomwambia "dada zako wana haki," yeye huenda anasikia kwamba mwili wake unaamuliwa kwa mara ya pili. Sijui kama umewahi kumwambia neno hili jepesi: "Wewe ulikataa, na walikuonesha, na hilo halikuwa sawa." Likisemwa lenyewe, bila "lakini" nyuma yake, linaweza kufungua mengi.

Kuna mambo kadhaa kwenye barua yako ambayo umeyachukulia kuwa yameshaamuliwa, na mimi ningeyauliza upya.

La kwanza ni hiyo hesabu ya darasa la pili. Karibu hakika ni sahihi, kwa sababu ni nadra sana hitilafu ya BRCA2 kuanza kwa mtoto bila kutoka kwa mzazi. Hata hivyo mumeo bado hajapewa jibu lake. Akitaka, kuna kipimo kinachoangalia sehemu moja tu ya jeni hiyo, si vinasaba vyote, na ni rahisi kuliko mlichofanya. Akipima, atakuwa amejua kwa hiari yake, na hilo lina uzito kwa mtu wa aina yake.

La pili ni ukubwa wa hatari. Unaandika kama vile wifi yako ameshahukumiwa. Kila dada wa mumeo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa na hitilafu hii. Akiwa hana, mabinti zake hawawezi kuirithi kwake, basi. Akiwa nayo, hatari ni kubwa, sitaipunguza. Utafiti uliochapishwa 2017, wa karibu wanawake 10,000 wenye hitilafu za BRCA1 na BRCA2, ulikadiria kwamba kati ya wanawake 100 wenye ile ya BRCA2, wapatao 69 watapata saratani ya matiti na 17 ya ovari wakifika miaka 80. Lakini wengi wa wanawake wale walitoka kwenye familia ambazo saratani ilishaonekana, na wengi walikuwa wa asili ya Ulaya. Hitilafu inapokutwa bila kutarajiwa, kwenye familia isiyo na historia kama hiyo, hatari inaweza kuwa chini ya hapo.

Ndiyo maana ningependa mwulize mshauri wa jenetiki swali moja zaidi: ushahidi wa kwamba hitilafu hii ni ya hatari umetoka kwa watu gani? Mwaka 2020 wanasayansi wa Afrika walichapisha usomaji wa vinasaba vya watu 426 kutoka makabila 50 ya bara letu, wakakuta zaidi ya tofauti milioni 3 ambazo hazikuwahi kurekodiwa popote. Sisi tumesomwa kidogo mno. Imeshatokea Marekani watu weusi wakaambiwa wana jeni ya ugonjwa wa misuli ya moyo, baadaye ikabainika kwamba ile ni tofauti ya kawaida miongoni mwa watu weusi, na utafiti uliofichua hayo ulitoka 2016. Sisemi jibu lenu ni la makosa. Matokeo ya aina hii hutolewa pale tu maabara inapoona ushahidi ni mzito, na hitilafu nyingi za BRCA2 zinajulikana vizuri. Nasema ni haki yenu kuuliza, na mumeo anaweza kuwa mtu mzuri wa kuuliza swali hilo, badala ya kuwa mtu anayeburuzwa.

La tatu ni mama mkwe. Nimeona ulivyoliweka lile tumbo la maji karibu na BRCA2, na naelewa. Saratani ya ovari hujaza tumbo maji. Lakini ini lililoharibika hufanya hivyo pia, na kifua kikuu cha tumbo, na figo, na moyo. Bila cheti wala kipimo cha yale maji, hatuwezi kujua. Tena hitilafu inaweza kuwa imetoka upande wa baba mkwe, kwa sababu wanaume huibeba na kuirithisha sawasawa na wanawake. Kwa hiyo chunga sana usije ukamwambia mumeo, hata kwa hasira, kwamba mama yake alikufa kwa hiki.

Kwa sababu hapo, mdogo wangu, ndipo ninapodhani kimya chake kinalala. Wewe umekisoma kama kimya juu ya dada zake. Mimi nikisoma habari ya mama mdogo aliyefungiwa mlango, najiuliza kama hakihusu marehemu mama yake. Fikiri mwanaume aliyeshiriki kumtenga mtu wa damu yake kwa kuamini amemuua mama, leo karatasi ya hospitali inamnong'oneza kwamba labda haikuwa hivyo. Anaposema "nyumba ile imeshatulia," huenda ndicho anachokilinda. Naweza kuwa nimekosea, simjui. Lakini kama kuna ukweli humo, kumshurutisha awaambie dada zake ni kumtaka afungue makaburi mawili kwa siku moja, na atahitaji muda, na pengine mtu mzima wa kwao anayemwamini.

Tena kuna jambo ambalo ninyi wawili hamjaligusa kabisa: afya yake mwenyewe. Kila mtu anawazungumzia wanawake. Mwanaume mwenye hitilafu ya BRCA2 naye yumo kwenye hatari, ya tezi dume hasa, na kwa kiasi kidogo ya matiti na kongosho. Miongozo ya Marekani inashauri waanze kupima PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, wakifikisha miaka 40. Mumeo ana 43. Tangu karatasi zile ziingie mfukoni mwa koti, kuna aliyemuuliza kama anaogopa kwa ajili yake mwenyewe?

Sasa njia zilizopo mbele yako. Kila moja ina bei yake.

Unaweza kuwaambia mawifi zako wewe, leo, bila yeye kujua. Sheria za huko zinaifunga hospitali, haiwezi kumpigia wifi yako simu bila ruhusa. Wewe zinakuacha, kwa kuwa majibu ni ya mtoto wako. Kuna kesi ya Florida, ambayo mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliiamua 1995: mwanamke aliwashtaki madaktari wa mama yake kwa kutomwonya kwamba saratani ya mama ni ya kurithi. Mahakama ikasema wajibu wa daktari humalizika akishamwambia mgonjwa wake, na mgonjwa ndiye anayetarajiwa kuwafikishia jamaa. Kwa maneno mengine, mambo haya yameachwa mikononi mwa ndugu, na wewe ni ndugu. Bei yake unaijua. Mumeo atakuona umeungana na karatasi iliyomvua nguo. Na wifi yako naye utamtwika siri ya kumficha kaka yake, labda kwa miaka.

Unaweza kunyamaza moja kwa moja, na kuiacha barua chini ya vitambaa. Ndoa itapumua kwa muda. Lakini umeshaniandikia kwamba kila ukivuta droo unaiona, kwa hiyo sidhani kama kimya hicho kitakuwa cha amani. Na hatari ya upande wa pili ni ya mwili, hairekebishiki kwa kuombana radhi.

Kati ya hizo mbili kuna nafasi pana kuliko unavyoiona sasa hivi. Yako mambo yanayoweza kumsaidia wifi yako bila kutaja jeni, mtoto wala mume. Mama yake alifariki mapema na tumbo limejaa maji, na hilo yeye analijua tayari, si siri ya mtu. Mwanamke mwenye historia hiyo anastahili kumweleza daktari, kukaguliwa matiti, na kutodharau tumbo linalovimba au kujaa bila sababu. Hayo unaweza kumhimiza Ijumaa hii. Hayatoshi, nakubali, maana daktari asiyejua habari ya jeni hawezi kumwandikia ukaguzi ambao wanawake wenye hitilafu hii huandikiwa, yaani MRI ya matiti (picha ya mashine ya sumaku) kila mwaka kuanzia miaka 25 na mamografia (eksirei ya matiti) kuanzia 30 kwa miongozo ya huko mliko. Ila si kitu kidogo.

Na mumeo anaweza kuchagua namna ya kusema bila kusema yote. Barua za ndugu kama hiyo iliyo kwenye droo mara nyingi huandikwa bila kutaja jina la mgonjwa. Isomeni pamoja mwone inasema nini hasa. Anaweza kuwauliza dada zake swali la mlangoni kwanza: "Kuna habari ya afya ya ukoo imejitokeza huku, mnataka niwaeleze au niache?" Nalipenda swali hilo kwa sababu linawapa wao kile ambacho yeye alinyimwa. Wifi yako wa Muscat anaweza kusema niambie sasa hivi. Mkubwa wa Tanga anaweza kusema niache kwanza. Wewe umechukulia kwamba wote wawili wanataka kujua, labda kwa sababu wewe uliweka ndiyo kwenye kisanduku chako.

Hofu zake nyingine usizipuuze, baadhi zina msingi. Sheria ya Marekani ya 2008 inayozuia ubaguzi wa kijenetiki, GINA, inawabana mwajiri na bima ya afya. Bima ya maisha haimo. Ndiyo maana washauri wengi wa jenetiki huko humwambia mtu afikirie bima ya maisha kabla ya kwenda kupima, na mumeo anaweza kulipanga hilo kwa utulivu. Kuhusu mabinti kutoolewa, siwezi kumwambia kwamba watu wa kwetu hawasemi. Lakini mabinti hao hawahitaji kupimwa wakiwa wadogo, hitilafu hii haidai ukaguzi wowote utotoni, na anayeanza kupimwa ni mama yao. Akiwa hana, kwao habari imekwisha. Jambo jingine, na hili mlizungumze kabla ya simu yoyote: kwetu Tanzania ukitaja kipimo cha vinasaba, watu hukimbilia kwa Mkemia Mkuu na swali la nani baba wa mtoto. Msipoeleza tangu sentensi ya kwanza kwamba kipimo kilikuwa cha kutafuta ugonjwa, kuna mtu atavumisha la kwake, na litakuangukia wewe.

Halafu kuna swali la baada ya kujua, ambalo mimi naliona zito kuliko yote. Habari bila njia ya kuifanyia kazi inaweza kumkalia mtu kifuani. Wifi wa Muscat yuko mahali penye huduma za jenetiki za serikali, yeye ana pa kuanzia. Wa Tanga safari yake ni ndefu zaidi: aanzie hospitali ya Bombo, apate rufaa ya Dar es Salaam, hospitali ya Muhimbili au Ocean Road, na MRI za kila mwaka zina gharama ambayo lazima mtu ajue ataitoa wapi. Kama kaka mtu ataleta habari, nadhani dada zake watamsikia vizuri zaidi akija pamoja na jibu la nauli na kipimo. Na msifikirie kumtumia kichupa cha mate cha kupimia vinasaba kwa posta kienyeji, Tanzania ina sheria yake ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, waulizeni wahusika kwanza.

Sitakuamulia. Ningekuamulia ningekuwa nimeweka alama kwenye kisanduku cha mtu mwingine. Ninachoweza kukuambia ni kwamba sioni lazima ya kuchagua wiki hii kati ya wifi na mume. Wewe na mumeo mnaweza kurudi kwa yule mshauri wa jenetiki, safari hii kwa ajili yenu wawili na si kwa ajili ya mtoto, au yeye aende peke yake kama hataki kuulizwa mbele yako. Mnaweza kukubaliana kuhusu muda: kwamba habari hii haitazungumzwa mpaka mwezi fulani, na ukifika mtakaa tena, na wewe umwambie kwa upole na mapema kwamba huwezi kuahidi kunyamaza milele. Kumwambia hivyo si kumtisha. Ni kumpa nafasi ya kusema mwenyewe kabla hajasemewa.

Na kabla hamjapanga mwezi huo, pigeni simu maabara. Baadhi ya maabara za Marekani huwapimia ndugu wa karibu bure au kwa bei ndogo, lakini kwa muda maalumu tangu siku majibu yalipotoka. Ulizeni kama yenu inafanya hivyo, kama inapokea ndugu walio nje ya nchi, na muda huo unaisha lini.